Koili ya Inchi 15 ya Minelab Equinox: Kwa Kazi za Nairobi, Inunuliwe au Iachwe?

Ditekta ya vyuma ya Minelab Equinox 800 huja na koili (ile sahani ya mwisho wa fimbo inayotambua chuma) ya mviringo ya inchi 11, yaani sentimita 28 hivi, na kila aliyekwisha kuizoea hufika siku akaanza kuitamani ile kubwa yenye umbo la yai, ya inchi 15 kwa 12, akiamini kwamba itamwonyesha vilivyo chini zaidi. Nimeitumia koili hiyo kubwa msimu mzima ndani na kandokando ya Nairobi, hasa katika kutafuta bikoni za mipaka ya viwanja zilizofukiwa na udongo, na ninaona kwamba inamfaa mtu mwenye eneo pana, udongo mtulivu na vitu vikubwa vya kutafuta. Anayekosa hata moja kati ya hayo matatu atakuwa amelipia uzito tu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu hukumu yangu imetokana nayo. Bikoni ya kawaida ya kiwanja ni kipande cha chuma kilichosimamishwa ndani ya zege, na greda ikipita mara moja, au lori likimwaga kifusi pembeni, hupotea machoni ingawa haijaondoka mahali pake. Mpimaji ardhi aliyeidhinishwa kisheria ndiye anayeweza kuthibitisha kwamba chuma kilichopatikana ndicho alama halali, na kuing'oa au kuisogeza bikoni ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi. Ditekta humsaidia tu kupunguza uchimbaji. Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni kwamba Equinox ikiwashwa huwa imepangwa kunyamazia chuma, kwa kuwa watafutaji wengi duniani hutaka sarafu na vito. Kabla ya kazi ya bikoni ni lazima kubonyeza kitufe chenye alama ya kiatu cha farasi ili vyuma vyote visikike, la sivyo hakuna koili, iwe ndogo au kubwa, itakayokuonyesha nondo.

Ruai, mashariki mwa Nairobi, ndiko koili kubwa ilikonipendeza. Pale udongo ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata viatuni mvua zikinyesha, na katika mashamba ambayo bado hayajajengwa takataka za chuma ni chache. Mstari wa kutafutia wa koili hii huenda kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo kila unapopunga mkono unafagia ukanda wa sentimita 38 badala ya 28, ambao ni zaidi kwa theluthi moja. Katika shamba la ekari kadhaa, ambako alama za awali hazionekani na mwenye shamba anakumbuka tu kwamba bikoni ilikuwa karibu na mti uliokwisha kukatwa, nafuu hiyo husikika miguuni kabla ya saa sita. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100, hata hivyo, mpimaji huwa tayari amekuonyesha kwa kifaa chake pembe iko wapi, nawe unatafuta ndani ya duara la hatua mbili tatu. Hapo upana wa koili haukuongezei chochote, na viwanja vingi vya Nairobi ni vya namna hiyo.

Sasa tuingie katika suala la kina, ambalo ndilo huuza koili kubwa. Wauzaji hupenda kuashiria kwamba ukubwa wa koili na kina huongezeka bega kwa bega, jambo ambalo kanuni za sumaku haziruhusu. Mawimbi yanayotoka kwenye koili hudhoofika haraka yanaposhuka, na mwangwi unaorudi kutoka kwenye chuma hudhoofika tena ukiwa njiani kupanda. Kitu kidogo kilicho mbali kikiongezewa umbali mara mbili, ishara yake hubaki takriban sehemu moja kati ya 64. Nimefanya hesabu kwa kanuni ya kawaida ya koili ya mviringo, nikiichukua hii ya yai kama duara la sentimita 34 na kudhania kwamba mkondo wa umeme na idadi ya mizunguko ya waya havibadiliki. Kitu ambacho koili ya inchi 11 inakishika kwa shida katika kina cha sentimita 40, ile kubwa ingekishika kwa ishara ileile katika sentimita 44 au 45. Hayo ndiyo mapato yote, tena kabla ya kutoa kinachopotezwa na udongo. Majaribio yangu na kipande cha nondo kilichosimamishwa shimoni hayakupita makadirio hayo.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa pili ambao haupendwi kutajwa. Karibu na uso wa koili kubwa, mawimbi huwa dhaifu kuliko karibu na uso wa koili ndogo, kwa sababu yametawanyika katika eneo pana. Kitu kidogo kilicho sentimita tano tu chini ya ardhi hutoa ishara iliyopungua kwa takriban robo. Anayetafuta hereni, pete nyembamba au chembe ya dhahabu hulipa ili aone kidogo zaidi kule chini, huku akipoteza uwezo wa kuona kilicho karibu na unyayo wake.

Dagoretti, magharibi mwa Nairobi, ni habari nyingine kabisa. Udongo mwekundu wa upande ule umetokana na miamba ya volkano na umejaa oksidi za chuma, na koili kubwa, kwa kuwa inatazama udongo mwingi zaidi kwa wakati mmoja, hupokea kelele za ardhi pamoja na ishara ya kitu. Nililazimika kusawazisha ardhi upya, yaani kuipanga ditekta iupuuze udongo wa pale, kila niliposogea kutoka sehemu iliyolimwa hadi sehemu iliyoshindiliwa, kisha nikapunguza unyeti hadi ditekta ikatulia, na kufikia hapo zile sentimita nne au tano za ziada zilikuwa zimekwisha kuliwa. Nikarudisha koili ya inchi 11, nikaongeza unyeti, na kwa sikio langu matokeo yakawa hayatofautiani.

Lakini adui mkubwa wa koili kubwa mjini ni taka. Popote palipojengwa Nairobi pana misumari, waya wa kufungia nondo, vipande vya mabati na vizibo vya soda, na koili pana huvifunika viwili vitatu kwa mpigo na kuvitolea sauti moja iliyochanganyika. Namba ambazo Equinox huonyesha kwenye skrini kukisia aina ya kitu huanzia -9 hadi 40, chuma kikiwa upande wa hasi. Juu ya lundo la taka namba hizo hurukaruka kiasi kwamba hazina msaada tena, na msumari mmoja uliolala juu unaweza kuificha bikoni iliyo chini yake. Katika mazingira hayo koili ya inchi 6, ambayo hakuna anayejivunia kuimiliki, ilitenganisha kwa urahisi kile ambacho kubwa ilikivuruga. Kama fedha zako zinatosha koili moja tu ya ziada na kazi yako iko mjini, nunua hiyo.

Kuhusu dhahabu ya Migori na Kakamega nitasema kwa ufupi, kwa sababu swali hili huulizwa sana na jibu lake si refu. Kwa Equinox, ambayo nguvu yake katika dhahabu iko kwenye chembe ndogo zilizo karibu na juu, koili ya inchi 15 inaipokonya ditekta hiyo kipaji chake. Koili pana zina maana zaidi kwa ditekta za mapigo (zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi) kama GPX 5000 ya Minelab, ambazo hustahimili udongo mkali na hutafuta vipande vikubwa vilivyozama. Vibali vya wachimbaji wadogo chini ya Sheria ya Madini ya 2016 navyo ni vya kushughulikiwa kabla ya kuwaza vifaa.

Kimwili, Equinox 800 na koili yake ya kawaida ina uzito wa kilo 1.34, na uzito unaoongezwa na koili kubwa hukaa mwishoni kabisa mwa fimbo, mahali unapouchosha mkono zaidi. Mwenye bega bovu aijaribu ya mwenzake kwanza. Ukubwa wake pia huizuia kupita kati ya mistari ya mahindi na chini ya ua wa michongoma, na ua ndiko bikoni nyingi zilipo.

Gharama nayo haiishii kwenye bei ya dukani. Ukiagiza kutoka nje, wasafirishaji wa vifurushi vya ndege hutoza kwa ujazo pale unapozidi uzito: sanduku la sentimita 45 kwa 38 kwa 10, ukigawa ujazo wake kwa 5,000 kama wengi wafanyavyo, huhesabiwa kama kilo 3.4 ingawa kilichomo hakifiki nusu ya hapo. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine za forodha. Ukinunua hapa mjini, uwe macho na bidhaa bandia, ambazo Minelab yenyewe imewahi kuzilalamikia hadharani kwamba zimeharibu soko lake barani Afrika. Nenda dukani na ditekta yako ikiwa na chaji, uifunge koili mbele ya muuzaji, uitikise polepole hewani mbali na rafu za vyuma, uguse waya wake karibu na kiungo kuona kama sauti inakatika, na uulize ikiwa kifuniko cha chini kimo ndani ya bei au kinauzwa peke yake, kwa maana bila hicho kokoto zitaikwaruza koili yenyewe mapema.