Baiskeli ya mtumba ya Japani kama zawadi ya mahafali ya kidato cha nne: uzoefu wangu, Tanga

Kwa wenye haraka, jibu langu ni hili: kama mwanao anamaliza kidato cha nne na mnaishi Tanga mjini, baiskeli ya mtumba kutoka Japani ni zawadi inayolipa, mradi uikague kwa mikono yako na uwe na fundi unayemwamini. Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya muuzaji, baiskeli yenyewe haina kosa.

Mahafali zetu mnazijua. Mtoto anavishwa mashada ya karatasi za kung'aa mpaka uso hauonekani, keki inakatwa, mashangazi wanatunza noti, picha zinapigwa, jioni yake kila kitu kimekwisha. Kinachobaki ni zawadi ya mzazi, na hapo kila mtu nyumbani kwangu alikuwa na lake. Binti mwenyewe alitaka simu janja. Baba yake akasema kompyuta mpakato, hela hakusema zitatoka wapi. Mama mkwe akashikilia cherehani: "Mnunulie cherehani, mwanangu, mtoto wa kike asikae bure."

Mimi nilihesabu miezi. Mtihani wa Taifa ni Novemba, matokeo hutoka Januari, wanaochaguliwa kidato cha tano huripoti Julai. Katikati hapo mtoto yuko nyumbani, hana sare, hana kengele, na ana miaka kumi na saba. Simu ingempa sababu nzuri ya kujifungia chumbani kutwa, halafu akipangiwa shule ya bweni anaiacha kabatini kwangu, maana bweni simu hairuhusiwi. Cherehani ni kitu cha maana, lakini kushona hapendi, na kumpa mtoto kazi asiyoipenda ukaiita zawadi ni kumwonea. Nilitaka kitu cha kumtoa nje kwa shughuli: kozi ya kompyuta Chumbageni, twisheni, sokoni, kwa bibi yake Makorora. Ukipiga hesabu ya bajaji kwa safari zote hizo, mfuko unalia.

Na kwa Tanga baiskeli haimshangazi mtu. Mji umetandaa tambarare, wazee kwa vijana wanaendesha, na mwanamke wa buibui juu ya baiskeli hakuna anayegeuka kumtazama.

Nikaingia Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, nikapita duka kwa duka. Kuna Phoenix mpya, chuma cha kazi. Anayebeba mkaa au madumu ya maji hana haja ya kutafuta kingine, ila kwa msichana ni nzito. Kuna zile za gia nyingi zenye springi mbele, ndizo vijana wanazozililia. Hazina madigadi wala keria. Masika ya Tanga bila madigadi, mgongo mzima unakuwa tope.

Za Japani ndizo zilizonisimamisha. Ni baiskeli za kike zile, bomba la katikati limeshuka chini, unapanda na gauni bila kurusha mguu. Kikapu mbele, keria nyuma, stendi ya miguu miwili, boksi linalofunika mnyororo. Niliyoichukua ina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu, na taa inayowashwa na dainamo iliyomo ndani ya habu ya mbele. Gurudumu likizunguka, taa inawaka, betri hununui.

Ukaguzi usimwachie muuzaji. Inua gurudumu, lizungushe, tazama nafasi kati ya rimu na breki: ikipanuka na kubana, rimu imepinda. Shika mkono wa pedeli utikise kushoto kulia. Ukicheza, gololi zimelika. Angalia na rimu ni ya nini. Kwa upepo wetu wa chumvi, chuma cha kawaida kinaliwa na kutu upesi, lakini aluminiamu inavumilia. Mle dukani mlikuwa na moja nzuri mno kwa rangi, nilipokwaruza kwa kucha chini ya madigadi ikamwagika unga wa kahawia. Nikairudisha kimyakimya.

Jambo la tairi lisikie vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Tairi za baiskeli hizi mara nyingi zimeandikwa 26 x 1 3/8. Zile za baiskeli za springi zimeandikwa 26 x 1.95 au mfano wake. Zote "ishirini na sita", na muuza spea mwenye haraka atakukabidhi yoyote. Haziingiliani. Rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 590, ya pili 559. Soma ubavuni mwa tairi, utakuta namba ndogo kama 37-590. Hiyo 590 ndiyo ya kumtajia muuzaji. Zipo mjini, ila si kila duka, kwa hiyo ukizikuta chukua na ya akiba.

Bei ilianza laki mbili na nusu. "Mama, hii mali ya Japani, si ya mchezo," ananiambia huku anaifuta vumbi kwa kanga. Tukaishia laki moja na themanini. Sasa, nyuma kulikuwa na lile kufuli la duara linalobana gurudumu, halina funguo. Akaapa funguo ziko kwenye mzigo, kesho analeta. Kesho ikawa keshokutwa, simu ikawa haipokelewi. Mwisho fundi alilikata, nikanunua kufuli la mnyororo. Hiyo ndiyo nyota iliyokatwa.

Breki ya nyuma nayo ilikuwa inalia kama mbuzi anayepelekwa machinjoni, mtaa mzima unajua binti amefika. Nikataka kuitia mafuta, fundi akanidaka mkono. "Shangazi, hii breki yake ni mkanda unaobana ngoma. Ukitia mafuta hata tone, huna breki tena." Akaifungua, akasugua vumbi kwa msasa, akafunga. Kelele zimepungua, hazijaisha, na anasema nyingi za aina hii ndivyo zilivyo. Kuhusu zile gia tatu alikuwa mkweli: kurekebisha waya anaweza, kuifungua habu yenyewe hagusi. Hilo lijue kabla hujalipa.

Kwa wavaao buibui, boksi la mnyororo linasaidia sana, lakini spoku za nyuma ziko wazi na pindo linaweza kunaswa. Tulifunga wavu pande zote mbili za gurudumu kutoka kwenye madigadi, kazi ya fundi huyohuyo.

Binti alipokabidhiwa, uso ulimwanguka, na hakujisumbua kuuficha. Alikuwa amejiandaa kwa boksi dogo la simu. Nikamwacha. Wiki haikuisha akaenda Raskazone na wenzake wawili, mmoja kapakiwa kwenye keria, akarudi magharibi anacheka peke yake. Siku hizi nikitaka kumtuma Mgandini ananiuliza mwenyewe kama hakuna kingine cha kuleta. Kwenye fremu kuna kibandiko kidogo chenye namba na maandishi ya Kijapani. Huko baiskeli lazima iandikishwe kwa jina la mwenyewe ili ikiibwa ijulikane. Fundi alitaka kukibandua apige rangi. Binti kamkatalia katakata.

Sitamshauri kila mtu. Kwa mzazi wa Lushoto na milima ile, gia tatu hazimtoshi mtoto. Na kama mnakaa Pongwe na mtoto atapita barabara kuu ya Segera pamoja na malori, fikiria tena.

Julai akienda bweni, baiskeli inabaki kwa mdogo wake wa kiume. Kashatangaza kwamba ya kike hapandi. Shule yake iko mbali, na nauli mimi sitoi.