Steshenari ya nyuma ya stendi Moshi, kwa mwenye digrii anayetaka kusomea unesi

Wadau habari zenu. Naweka maoni yangu kuhusu steshenari moja iliyoko nyuma ya stendi kuu hapa Moshi, ile yenye mlango wa bluu na bango la kuomba vyuo, mikopo na TIN, mana wanaojaza fomu za vyuo mjini hapa ni wengi ila anayejua anachojaza ni kazi kumpata. Na kesi yangu haikuwa nyepesi. Nina digrii tayari, ya sosholojia, nina mtoto, nimefanya kazi saccos kwa muda mrefu, na nataka uuguzi. Nimeutaka tangu nilipomuuguza bibi yangu wodini nikaona nani hasa anakuwa na mgonjwa saa tisa usiku.

Ukifika pale ukasema unataka kuomba chuo cha uuguzi, yule dada hagusi hata kompyuta, anakuambia lete cheti cha fom foo tukione kwanza. Mimi nikampa transkripti yangu ya chuo kikuu, akaisoma yote kwa heshima kabisa, akanirudishia, akasema "hongera sana dada yangu, ila hii haikuombei uuguzi, nionyeshe bayolojia, kemia na fizikia." Hapo hapo nikajua leo nimefika kwa mtu. Kwa sababu hilo ndilo wenye digrii wengi hatuambiwi, tunazunguka na vyeti vya chuo kikuu kwenye bahasha tukidhani vitatufungulia njia.

Ukweli ni kwamba hapa kwetu hakuna ile programu ya mwenye digrii nyingine kuingia uuguzi na kumaliza haraka. Uwe na digrii ya biashara, ualimu, sheria au utalii, haikupunguzii hata semista moja, wanaangalia matokeo yako ya sekondari. Diploma ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, yaani NTA level 4 mpaka 6, ngazi za vyuo vya kati, wanataka kidato cha nne uwe umefaulu masomo manne yasiyo ya dini na ndani yake iwemo bayolojia, kemia na fizikia, hesabu na kingereza vikiwepo ni nyongeza nzuri. Digrii ya uuguzi ni miaka minne na baada ya hapo mwaka mmoja wa intanshipu, na hiyo kwa kuingia moja kwa moja inataka kidato cha sita cha sayansi, kemia na bayolojia ziwe zimesimama. Mimi nilisoma HGL, yaani historia, jiografia na kingereza, sayansi hakuna. Kwa hiyo Muhimbili, Bugando, UDOM, hata chuo kikuu cha KCMC ambacho naenda kwa daladala, kwa sasa hazinihusu, na dada alinieleza hayo yote bila kunitia unyonge hata kidogo. Njia yangu ni diploma, nikitoka na GPA isiyopungua 3.0 naomba namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, ile AVN, ndio naombea nayo digrii, na huko mbele kuna chuo kikuu cha Aga Khan pale Dar ambao wamejijenga kwenye kusomesha manesi wa diploma wakiwa bado kazini. Kwa mtu mwenye familia hilo ni kubwa sana. Jumla ni safari ndefu lakini angalau naiona yote mbele yangu, sio nusu nusu.

Sasa kabla sijafika kwake nilikuwa nimepita kwa wakala mmoja Arusha wa vyuo vya nje, jina silitaji. Ofisi nzuri, wanakukaribisha na maji, ukutani bendera za Uingereza, Marekani, Australia. Akanieleza kwamba huko mwenye digrii yoyote anasoma unesi miaka miwili tu, halafu akataka hela ya ushauri kabla hajaona cheti changu hata kimoja. Sikutoa. Ila naomba nieleweke, hizo programu zipo kweli na ni nzuri kwa anayeziweza, nilikaa nikazisoma mwenyewe kwenye tovuti za vyuo husika. Uingereza mafunzo ya unesi yanatakiwa kuwa na masaa 4,600, nusu darasani na nusu kwenye vitendo, na mwenye digrii wanaweza kumhesabia sehemu ya aliyokwisha kusoma au kufanya isiyozidi nusu, ndio maana masta yao inaisha kwa miaka miwili, na unachagua tangu mwanzo kama ni unesi wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili au wa wenye ulemavu wa kujifunza. Marekani ni haraka zaidi, kuna za miezi 12 mpaka 18, ila lazima uwe umesoma kwanza anatomia, fiziolojia, mikrobayolojia na takwimu katika ngazi ya chuo, na vyuo vingine hawataki uwe umeyasoma zamani sana, halafu mwisho unafanya mtihani wao wa leseni, NCLEX. Mtu wa sosholojia hapo anaanza na hayo masomo kwanza, kwa hela yake, ile miezi 12 haianzi kuhesabiwa siku unayotua.

Kilichoniuma kwa yule wakala ni hiki. Uingereza tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kawaida haruhusiwi kwenda na mtoto wala mwenza, wameachiwa wa masomo ya utafiti na wenye ufadhili wa serikali, na juu ya ada kuna tozo ya afya paundi 776 kwa kila mwaka wa viza. Nilimwambia nina mtoto wa miaka minne, akaandika kwenye fomu yake, akaendelea kunionyesha picha za hosteli. Mama mzima umeuza kiwanja, umelipa, ndio unaambiwa mtoto abaki! Nilipomuuliza dada wa steshenari kuhusu hizo za nje akasema yeye hazijui na hawezi kuchukua hela ya mtu kwa kitu asichokijua. Kwa jibu hilo peke yake nilimuamini na mengine yote.

Kwenye kuchagua chuo ndipo alipofanya kazi ambayo hata hakunidai. Ana kile kitabu cha mwongozo cha NACTVET amekichapisha kurasa za kanda yetu, zimechakaa pembeni kwa kushikwa, anakuonyesha ada ya kila chuo, nafasi walizonazo, na namba ya usajili, zile za vyuo vya afya zinaanza na REG/HAS, anakuambia chuo kisichokuwemo humu usikiombe hata kama bango lao liko barabara nzima. Halafu anakuuliza mazoezi unataka ufanyie wapi. Mimi nilikuwa nimepanga kwa ada na umbali basi. Akasema nenda ukaone, dirisha la maombi bado liko wazi, usichague hospitali kwa simu.

Nikaenda. Na hapa ndio nataka wenzangu mnisikilize vizuri, mana hiki ndicho kitaamua utakuwa nesi wa namna gani. Huku kwetu bahati tunayo, kuna shule ya uuguzi ya KCMC, kuna Kibosho, kuna Huruma kule Rombo, Arusha kuna ALMC ya Walutheri, na zote ziko na hospitali yake pale pale. KCMC imefunguliwa 1971 na ni rufaa ya kanda nzima ya kaskazini, kwa hiyo utakutana na wagonjwa wa ngozi, macho, mifupa, saratani, vitu ambavyo hospitali ya wilaya unaweza kumaliza mwaka hujaviona. Ila hospitali kubwa ya kufundishia ina wanafunzi wa kila aina, wa udaktari, wa maabara, wa fiziotherapi, kwenye kitanda kimoja mnaweza kuwa kundi, na aliye nyuma anaona migongo. Hospitali ya saizi ya kati aina za magonjwa ni chache lakini mikono yako inafanya kazi. Kwangu mimi niliyetoka kwenye madaftari ya saccos na sijawahi kushika hata bomba la sindano, nahitaji kushika kwanza, hayo ya ajabu nitayaona nikienda digrii.

Usiulize ofisini tu. Ofisini watakuambia kila kitu kipo. Chuo kimoja, sio katika hivyo nilivyovitaja, niliomba kuona chumba cha vitendo, nikaona midoli miwili mizuri kabisa bado ina nailoni, na ule mkono wa mpira wa kujifunzia kuweka dripu umefungiwa kabatini na funguo iko kwa mwalimu aliyesafiri. Wanafunzi wa mwaka wa pili waliokuwa pale mlangoni wakasema hawajaugusa. Kwingine mkono wa namna hiyo hiyo umechomwa mpaka ngozi imekuwa na matundu matundu na umezungushiwa plasta nyeupe kwenye kiwiko, nikasema hapa watu wanasoma. Huko huko binti mmoja aliyevaa sare alinifungulia kile kitabu chake cha kurekodi kazi za wodini, ukurasa wa kuzalisha, mstari kwa mstari na saini ya sista aliyemsimamia na tarehe, nikamuuliza CI, yaani mwalimu wa vitendo, anakuja wodini au anasaini mwisho wa wiki, akacheka akasema "dada, yule huwezi kumkwepa, zamu ya usiku pia anatokea." Swali hilo la CI liulizeni kwa wanafunzi kantini, sio kwa mkuu wa chuo.

Nikarudi steshenari nikiwa nimeshaamua, Kibosho ya kwanza, KCMC ya pili, Huruma ya tatu. Ujazaji wenyewe haukuchukua muda, namba ya mtihani ya kidato cha nne, mwaka, majina yakaja kama yalivyo NECTA, kontrol namba, nikalipa kwa simu pale pale. Kitu kimoja nakipenda mno, anatumia namba yako ya simu na imeli yako wewe, na paswadi anakutaka uandike mwenyewe kwenye daftari lako huku yeye kageuka. Sehemu nyingine mjini wanaweka namba zao, ikija meseji ya kuchaguliwa inawafikia wao, na kuna watu wamekosa nafasi kwa sababu mwenye steshenari kabadilisha laini. Gharama yake elfu kumi kwa kujaza, kopi mia mia, hana la ziada. Ada yenyewe nimepanga kulipa kwa akiba yangu, mikopo ya baadhi ya diploma za afya ilianza mwaka wa masomo 2023/24 lakini mimi bado nakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa ule wa digrii ya kwanza na sikutaka kuongeza deni juu ya deni.

Mapungufu yapo. Printa ni moja na ikigoma mnasubiri wote. Dirisha la maombi likifunguliwa foleni inafika mpaka kwa muuza viatu, hakuna namba, mwenye sauti ndiye anayehudumiwa na wazee waliowaleta wajukuu wanabaki wamesimama, hilo nilimwambia na alilipokea. Intaneti jioni inakuwa nzito. Na haongei sana, kama unataka kubembelezwa utaona kama amekasirika, sivyo, yuko makini tu. Natoa nne kati ya tano, na hiyo moja ni ya foleni.

Nimechaguliwa Kibosho, naanza muhula huu. Mnaokwenda pale bebeni cheti cha kidato cha nne au matokeo yenye namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo na simu yenye laini yenu wenyewe ikiwa na chaji. Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu. Jumamosi hafungui, ni Msabato, ila Jumapili mnamkuta kuanzia saa mbili.