Mitumba Malindi: lundo kwanza, kamera baadaye

Kwa joto la Malindi, shati la poliesta likishavaliwa mara tatu halinukii tena hata ulifue vipi. Mimi nategemea mitumba. Pamba nzito na kitani cha zamani havipatikani kwingine kwa pesa zangu. Ila sehemu za kununulia hazilingani; nazipanga hapa kuanzia iliyo bora.

Nambari moja ni lundo la siku ya pili. Mtumba wa kilo 45 ukifunguliwa, wenye vibanda na wauzaji wa Instagram huchukua kamera, zile safi za juu. Kesho yake masalio humwagwa turubaini, bei chini. Wao walisaka nembo; wewe saka kitambaa. Juzi nilichopoa shati la kitani, kola imejikunja kama sikio la mbuzi, lebo imekatwa. Nikaliweka shavuni: vifungo baridi. Gamba la chaza hilo, si plastiki!

"Mia, dada."

"Mama, themanini, nibakishie ya tuktuk."

Akalitia mfukoni huku akinicheka. Ukiwa na shaka na kitambaa, omba ruhusa uchomoe uzi kwenye pindo uuchome: pamba huacha jivu na harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu.

Mbili, kamera yenyewe, lakini kwa jinzi tu. Suruali ya Levi's yenye neno LEVI'S kwenye kilebo chekundu, E ikiwa kubwa, huenda ni ya kabla ya 1971. Ukiiona, usishangae kwa sauti. Bei itapanda hapo hapo.

Tatu, zilizotundikwa barabarani. Zinapendeza, ila jua limeshakula mabega. Inua kola ulinganishe rangi ya chini yake na ya begani.

Ya mwisho, mtandaoni. Picha haionyeshi kwapa. Nililetewa gauni la maua mpaka mlangoni, kwapa njano kama bizari. Ndimu na magadi havikufua dafu, na muuzaji akaacha kujibu jumbe.

Fagia, zile za mwisho kabisa, nunua ukiwa na cherehani nyumbani. Hutoa foronya nzuri.

Nenda asubuhi, na chenji. Ijumaa wahi kabla ya swala, wengi hufunika turubai wakaenda msikitini.