Biblia yenye itifaki na marejeo: uzoefu wangu wa kuitumia dukani Malindi

Toleo ninalolieleza hapa ni Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Union, yenye marejeo pembeni mwa aya na itifaki, yaani orodha ya maneno na aya yalipo, katika kurasa za mwisho. Naiweka chini ya meza ya kukatia vitambaa katika duka langu hapa Malindi, na naitumia kutafuta mwongozo katika mambo yanayonijia siku hadi siku: deni la mteja, ugomvi wa ndugu, mtoto aliyekaidi, maneno ya kumjibu mtu aliyekuja na hasira. Nasema mapema kwamba naipendelea kuliko nyingine zote nilizowahi kushika. Watu wengi hununua Biblia kwa kutazama jalada na zipu, ilhali kwa msomaji anayetaka msaada wa maisha, thamani kubwa imo katika zile herufi ndogo za kando na orodha ya maneno iliyo nyuma.

Tafsiri yenyewe wengi wetu tumekua nayo. Agano Jipya la Union lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, baada ya miaka mingi ambayo Unguja na Mombasa kila upande ulikuwa na maandiko yake. Unguja walisoma tafsiri iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere, na huku kwetu kazi ilikuwa imeanza tangu Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Kiswahili cha Union ni kizito mahali mahali, wala sioni aibu kwa mtu kuweka karibu Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi. Mwanangu aliye sekondari huisoma hiyo, na aya ikitutatiza tunasoma zote mbili kwa sauti. Hata hivyo kwa kukariri, na kwa kupata utulivu wa moyo wakati duka limejaa watu, sijaona inayoifikia Union.

Itifaki ni orodha ya maneno kwa alfabeti, na kila neno hufuatwa na vitabu, sura na aya linapopatikana. Marejeo ya pembeni hufanya kazi nyingine: uko kwenye aya moja, nayo yanakuelekeza kwenye aya za vitabu vingine zinazogusa jambo lilo hilo. Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu bila mfano maelezo haya hayamsaidii mnunuzi.

Wakati wa kusi bahari huchafuka, wavuvi wengi hawatoki, wageni hupungua hotelini, na fedha huadimika mjini. Huo ndio wakati ambao wateja wangu huomba vitambaa kwa mkopo, hasa shule zinapokaribia kufunguliwa na sare zinahitajika. Mama mmoja anayekaanga samaki karibu na soko alikuja kuomba kitambaa cha sare za watoto wake, na kwa kuwa alikuwa bado na deni kwangu, alitaka kuniachia karai lake kubwa liwe rehani. Aliniambia, "Dada, likae kwako mpaka nimalize, ili moyo wako utulie." Nilimwomba arudi alasiri, nikafungua Biblia kwenye neno rehani.

Nilipelekwa kwanza Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Aya ya 6 inakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuuweka rehani uhai wa mwenye jiwe. Wakati huo familia ilisaga nafaka yake kila siku, na ukiondoka na jiwe umeondoka na mkate wa nyumba ile. Karai la mama yule ndilo jiwe lake la kusagia. Niliendelea hadi aya ya 10 na ya 11, zinazomwamuru mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mdaiwa kujichagulia kitu, bali asimame nje na kungoja aletewe; nikaona Mungu anavyoilinda hata heshima ya mlango wa maskini. Aya ya 12 na ya 13 zinasema kwamba maskini akiweka rehani vazi lake, arudishiwe jua linapokuchwa apate kulala nalo. Pembeni palinielekeza Kutoka 22, penye agizo hilo hilo pamoja na onyo kwamba mtu yule akimlilia Mungu, Mungu atamsikia. Kutoka hapo nikafika Amosi sura ya 2, nabii anapowalaumu watu waliojinyosha kando ya madhabahu juu ya nguo zilizowekwa rehani, yaani walikuwa wakiabudu juu ya mali ya wanyonge.

Ningeishia hapo ningekuwa na jibu jepesi, lakini itifaki hiyo hiyo ilinipeleka pia Methali, na Methali hawasemi kwa sauti moja na Torati. Sura ya 20 aya ya 16 inataka mtu aliyemdhamini mgeni achukuliwe vazi lake, na sura ya 6 inamsihi mtu aliyejifunga kwa dhamana ya mwenzake ajiokoe haraka kama paa anayeponyoka mkononi mwa mwindaji. Maandiko basi yanamjali maskini asivuliwe, na papo hapo yanamtaka mtu asiwe mzembe na mali aliyokabidhiwa. Mimi nina mwajiriwa anayeshona, ninalipa kodi ya duka, na deni lisilolipwa linamwumiza yeye pia.

Alasiri mama aliporudi nilimwambia abaki na karai lake. Nilimpa kitambaa cha kutosha sare za watoto wawili wadogo, ambao za zamani zilikuwa haziwaingii tena, na tukakubaliana kwamba za wakubwa zitangoja. Tuliandika makubaliano mbele ya mumewe, kwamba atalipa kidogo kidogo na kuongeza kiasi bahari itakapotulia. Mumewe ni mzee Mwislamu wa hapa mjini, na nilipomweleza nilikosoma habari ya jiwe la kusagia alitikisa kichwa akasema, "Mwanangu, hata Kurani yatuamuru mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa." Aya hiyo imo katika sura ya Al-Baqara, naye aliisoma kwa Kiarabu kisha akanifasiria. Deni lile limekuwa likilipwa, na karai lingali jikoni kwake.

Ninaposema kwamba Biblia hii inaongoza, namaanisha mwendo wa namna hiyo. Haikunipa jibu kwa aya moja. Ilinikusanyia maneno ya Torati, ya manabii na ya wenye hekima juu ya jambo moja, ikaniachia kazi ya kuyapima kwa maombi. Methali wenyewe wanatufundisha kupima hivyo. Sura ya 26 aya ya 4 inasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na aya ya 5 inayofuata mara moja inasema mjibu. Anayetaka amri ya kufuata bila kufikiri atakwama hapo. Anayekubali kuambiwa kwamba ni lazima amtambue mtu aliye mbele yake na saa aliyomo ataona kwamba aya hizo mbili zimewekwa jirani kwa makusudi. Na palipo na upungufu, Yakobo 1:5 imetoa ahadi: "Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei, naye atapewa."

Huku Malindi suala la namna ya kusoma si dogo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola ulio magharibi mwa mji wetu, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kufundishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Miili ililetwa katika hospitali ya mji huu, na sote tulioishi hapa siku hizo tunakumbuka uzito wake. Watu wale waliisikia Biblia ikisomwa. Kwa hiyo siwezi kumpendekezea mtu kitabu hiki nikanyamaza juu ya njia ya kukisoma.

Mathayo sura ya 4 inaonyesha Shetani akimnukulia Yesu Zaburi ya 91 ili ajitupe kutoka kinara cha hekalu, na Yesu anamjibu kwa andiko jingine, akianza na neno "tena": tena imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Neno la Mungu linaweza kukatwa kipande na kutumiwa kumwangamiza mtu, na kinachomwokoa ni kujua kwamba yako mengine yaliyoandikwa. Msomaji anayefuata neno "kufunga" katika itifaki atafika Isaya sura ya 58, ambako Mungu anaeleza saumu anayoichagua kuwa ni kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Laiti sura ile ingesomwa yote, kwa sauti, chini ya miti ile. Ndiyo maana nashikilia sana marejeo ya pembeni: yanafanya kazi ya ule "tena imeandikwa", hata kwa mtu ambaye hajasomea theolojia.

Jambo la pili ni kutosoma peke yako wakati wote. Towashi wa Kushi katika Matendo sura ya 8 alikuwa mtu mkubwa, msimamizi wa hazina, naye alipoulizwa kama anaelewa anachosoma alijibu kwa unyenyekevu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Sisi kina mama wa kanisani tunakutana jioni za katikati ya juma, kila mmoja na Biblia yake, na jirani yangu Mkatoliki hujiunga nasi akiwa na yake yenye vitabu 73 badala ya 66 tulivyozoea sisi. Tulipozungumzia mikopo ndiye aliyetusomea Yoshua bin Sira sura ya 29, inayomhimiza mtu kumkopesha jirani wakati wa shida na kumhimiza mkopaji kurudisha kwa wakati. Kitabu hicho hakimo katika toleo langu, na anayekitaka afahamu hivyo kabla ya kununua.

Katika mikutano hiyo tuliwahi kusoma Yeremia 29:11, aya inayopendwa mno kwenye kadi za harusi na vioo vya matatu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Tulipoanza juu, tukakuta ni barua kwa watu waliohamishiwa Babeli, na aya ya 10 inawaambia kwamba watakaa huko miaka 70. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, na waombee amani ya mji walimohamishiwa. Mmoja wetu, ambaye mumewe yuko ng'ambo kikazi na hajarudi kwa muda mrefu, alisema faraja yake iliongezeka aliposoma sura nzima, kwa kuwa sasa alijua afanye nini wakati wa kungoja.

Kwenye simu pia nina programu ya Biblia, nayo naishukuru kwa kunisomea kwa sauti, maana naweza kusikiliza Zaburi huku nikikata kitambaa, na kwa mama asiyeona vizuri au asiyejua kusoma hiyo ni neema kubwa. Kutafuta neno huko ni kwa haraka kuliko kufungua itifaki. Lakini ule ujumbe wa aya moja unaotumwa kila asubuhi sikuuendekeza, kwa sababu unamzoeza mtu kupokea kipande na kuondoka. Ukiutumia, gusa ufungue sura nzima. Methali zina sura 31, na kusoma moja kila tarehe ya mwezi ni utaratibu mzuri zaidi kwa mwenye shughuli nyingi.

Upungufu wa kitabu chenyewe ni wa kimwili. Herufi za marejeo ni ndogo mno, na baada ya magharibi nahitaji miwani na taa nzuri. Karatasi ni nyembamba, ukipiga mstari kwa kalamu ya wino unaonekana upande wa pili, hivyo natumia penseli. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na nakala yangu ilianza kuachia gundi kwenye uti wa jalada. Fundi wa kushona viatu aliishona kwa uzi mnene na tangu hapo imeshika. Toleo lenye itifaki huuzwa ghali kuliko la kawaida, ila tofauti hiyo inafaa kulipwa hata kama ni kwa kuchanga wawili na kutumia nakala moja nyumbani.

Ukienda dukani kununua, usiridhike na maandishi ya jalada. Fungua kurasa za mwisho utafute neno moja linalogusa maisha yako, kama deni, mjane au hasira, uhesabu ni aya ngapi zimetajwa, kisha ufungue Kumbukumbu la Torati 24 uone kama pembeni pana marejeo yanayokupeleka Kutoka 22. Ikiwa hapana, mwombe muuzaji akuonyeshe toleo jingine.