Boksi la nguo au kabati la PVC (plastiki ngumu) la kufugia chatu?

Chatu wangu ni yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira, na huku Uingereza baridi haina utani. Boksi la plastiki la kuwekea nguo ni bei chee, unatoboa matundu, mkeka wa umeme wa kupasha joto unaupachika chini upande mmoja tu, unyevu unakaa fresh, ila hewa ya ndani haipati joto la maana. Balbu humo usithubutu, plastiki itayeyuka. Kabati la PVC limenikausha mfuko kwa kweli lakini linabeba balbu ya seramiki juu, ile ya kutoa joto bila mwanga, izungushie wavu maana nyoka akijiviringisha pale anaungua. Thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, lazima kote kote, upande wa joto nyuzi 32 hivi, wa ubaridi 26. Mi siliachii PVC langu.