Amsterdam hadi London: hizo dakika hamsini mlizitoa wapi?

Mlango wa ndege umeshafungwa, tunatambaa uwanjani Schiphol, nikamwomba mhudumu maji ya kumezea dawa ya presha. Sikuomba soda wala chai. Kaka yule akanitazama kama nimemkopa: "Safari yenyewe dakika hamsini. Hakuna aliyekufa kwa kiu ndani ya dakika hamsini." Akaenda zake. Najua ndege ikitembea wanatakiwa wakae. Angesema hivyo tu, yangeisha.

Haya, hizo dakika hamsini. Schiphol hadi Heathrow ni kama kilomita 370 kwa mstari ulionyooka, karibu sawa na Dar kwenda Dodoma kwa ndege. Ukiuliza mtandaoni inachukua muda gani, wanagawa umbali kwa mwendo na kukupa jibu, kana kwamba ndege inapaa kutoka barazani kwako. Sisi siku ile tulipangiwa Polderbaan, njia ya kurukia iliyofunguliwa 2003 na kuwekwa mbali makusudi ili kupunguzia watu kelele. Mbali kweli kweli! Mnavuka hadi barabara kuu ya A5, magari yanapita chini yenu, na bado hamjafika. Nilidhani London tunakwenda kwa magurudumu.

Tukaruka hatimaye. Bahari ya Kaskazini ilipita upesi, na ilipendeza, siwezi kuwanyima hilo. Basi juu ya Essex tukaanza kuzunguka. Heathrow ina njia mbili tu, na zimebanwa kutwa nzima, kwa hiyo ndege za upande wetu husubirishwa karibu na Lambourne, moja juu ya nyingine kwa tofauti ya futi 1,000. Ya chini ikiitwa, zilizobaki zinashuka hatua moja. Unazunguka tu, mji unauona, kidonge kimo mkononi.

Maji niliyapata huko huko angani, kabla hatujaanza kushuka kwenda kutua. Dada mwingine, aliyekaa nyuma kabisa, sijui aliambiwa na nani, akaniletea bilauri na pole juu yake. Mungu ambariki.

Kilichonichefua zaidi ni tangazo baada ya kutua: "Tumefika kwa wakati." Na ni kweli! Ratiba yao, toka geti hadi geti, ni saa moja na dakika ishirini. Kule kutambaa na kuzunguka wameshakuhesabia mapema. Kwa hiyo kampuni inajua. Rubani anajua. Ni kaka yule peke yake mwenye dakika hamsini zake, na amezihifadhi kwa ajili ya wenye kiu. Shemeji yangu naye aliona tiketi inaondoka saa tisa na kufika saa tisa na dakika ishirini, akasahau kwamba London iko nyuma kwa saa moja, akashangaa teknolojia ilivyokua.

Treni ya moja kwa moja hadi St Pancras inakula kama saa nne, lakini inakushusha katikati ya mji, na maji unayafuata mwenyewe. Bei ndiyo ilinishinda. Nilitaka kuwapa nyota moja. Basi tatu: mbili za yule dada, moja ya rubani, maana alitua kama anaweka mayai. Kaka wa dakika hamsini hana chake hapo.