Tiketi ya boti ya matanga, Cartagena hadi San Blas: dola 600 zinanunua nini?

Haya, karibuni tena watazamaji wangu. Leo mezani hakuna simu wala spika. Bidhaa ya leo ni tiketi: kitanda kimoja ndani ya boti ya matanga inayotoka Cartagena, Kolombia, ikakata bahari ya Karibi mpaka visiwa vya San Blas, Panama. Siku 5, usiku 4. Bei inacheza kati ya dola 500 na 700 kwa kichwa, inategemea boti.

Kwa nini tiketi hii ipo? Ukitazama ramani utasema si nipande basi tu, nchi zimepakana. Hakuna basi. Katikati kuna msitu na vinamasi vya Darién, na ile barabara kuu ya Amerika inakatikia pale kwa takriban kilomita 100. Kwa hiyo ni ndege au bahari. Ndege ni saa moja na kitu, na mara nyingi ni nafuu kuliko boti. Nalisema mapema hili ili mtu asikate tiketi ya boti akidhani anabana matumizi. Hapa unanunua bahari yenyewe.

Cartagena nayo ihesabuni ndani ya bei, maana boti haiondoki kwa saa ya kwenye tangazo. Nahodha akiangalia hali ya hewa akasema kesho, basi ni kesho, na wewe utalipa malazi usiku mwingine. Wabeba mabegi wengi hulala Getsemaní, nje kidogo ya mji mkongwe, kwenye vyumba vya vitanda vya ghorofa. Ushauri wangu: lipia chumba chenye kiyoyozi. Mtu wa Tanga au Mombasa atasema joto nalijua, lakini kile chumba cha watu wanane na feni moja, hapana jamani.

Mji wenyewe utembee asubuhi. Panda juu ya kuta kabla ya saa tatu. Francis Drake, haramia wa Kiingereza, aliuteka mji huu mwaka 1586 na hakutoka mpaka amelipwa, ndiyo maana Wahispania wakajenga kuta kama wenye kichaa. Mchana lala. Jioni nenda uwanja wa Trinidad, palepale Getsemaní, watu wamekaa chini, watoto wanapiga mpira ukutani mwa kanisa. Halafu sikiliza muziki. Utasikia gitaa la Kikongo, naapa, ukageuka kumtafuta Mkongomani. Muziki wao unaitwa champeta. Kuanzia miaka ya 1970 wenye maspika makubwa ya mitaani, wanayaita picó, walikuwa wakipiga santuri kutoka Afrika, soukous ikiwemo, na vijana wa huku wakatengeneza wa kwao juu ya hapo. Bandari hii ndiyo iliyoshusha Waafrika kwa maelfu kwenye utumwa. Ukipata nafasi, fika San Basilio de Palenque, kama kilomita 50 hivi, kijiji cha wazao wa waliotoroka, ambao mpaka leo wana lugha yao, Kihispania kilichochanganyika na Kikongo. Mimi ningeahirisha boti kwa ajili ya Palenque, lakini tusiache mada.

Ngoja, na chakula! Kuna wali wa nazi. Ila wao tui wanalichemsha mpaka linakauka, yabaki mafuta na chembechembe za kahawia, ndipo mchele unaingia, pamoja na sukari. Unaliwa na samaki wa kukaanga na ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa. Kwangu sukari imezidi. Samaki sina neno.

Sasa boti. Jambo la kwanza ni uelekeo. Desemba mpaka Machi, miezi ileile ya kaskazi kwetu, upepo wa huku nao unatoka kaskazini mashariki, na unakuwa mkali. Ukitoka Cartagena kwenda Panama, upepo na mawimbi vinakusukuma kutoka nyuma. Ukitoka Panama kuja Cartagena, unavikabili usoni, boti inapiga kichwa usiku kucha. Bei ni ileile, safari si ileile. Mimi nawaambia: anzieni Cartagena. Na kama mwezi unachagulika, epukeni Januari na Februari. Mvua za katikati ya mwaka zinavumilika, na vimbunga vikubwa vya Karibi kwa kawaida hupita kaskazini zaidi ya hapa.

Saa 30 hadi 40 za mwanzo ni bahari tupu. Hapo ndipo watu hujuta. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kupanda boti, ukishaanza kutapika haikai tumboni. Kitanda changu kilikuwa omoni, yaani mbele ya boti, na omo ndiyo inayopanda na kushuka kuliko sehemu yoyote. Ubao tu ndio unaokutenga na bahari, unasikia maji yanapita sikioni. Ukiulizwa unataka kulala wapi, sema katikati au tezi, kule nyuma.

Choo nacho kina somo lake. Kuna mkono wa pampu ubavuni. Unafungua vali, unavuta maji ya bahari, unasukuma mpaka bakuli liwe safi, kisha unageuza kiswichi na kusukuma tena mpaka likauke. Ukisahau kugeuza, maji yanarudi na kila mtu atajua ni nani. Wanaume, mnakaa. Hakuna kusimama kwenye mawimbi yale.

Kuhusu begi: lita 40 zinatosha. Likishapanda linatupwa chini ya sakafu, hulioni tena mpaka Panama. Kwa hiyo kuwa na mfuko mdogo usiopitisha maji: nguo mbili, taa ya kichwani, dawa, na dola za noti ndogondogo, maana visiwani hakuna mashine ya fedha na Panama wanatumia dola za Kimarekani.

Lakini kinachobeba thamani ya tiketi hii ni nahodha. Picha za boti kwenye matangazo zote zinapendeza. Kabla hujalipa, onana naye uso kwa uso. Uliza boti ina vitanda vingapi na inapakia abiria wangapi, kama hesabu hailingani ondoka. Uliza ni nani anashika zamu ya usiku naye akilala. Omba uonyeshwe jaketi za kuokolea maisha, uzishike kwa mkono. Na angalia kama anakunywa. Mmoja alinipokea saa nne asubuhi na bia mkononi, nikamshukuru nikaenda zangu.

Visiwa sasa. Hapo sina la kuteta. San Blas wenyewe wanaiita Guna Yala. Ni visiwa zaidi ya 300 na vyenye watu ni vichache tu. Wenyeji ni Waguna, ambao mwaka 1925 waliasi dhidi ya polisi wa Panama na wakapata kujitawala mambo yao. Sheria ni zao: kila mnazi una mwenyewe, hata nazi iliyoanguka mchangani si yako. Kuzamia kwa mitungi ni marufuku, utatazama samaki kwa miwani na mrija tu. Kambakoche hawavuliwi Machi hadi Mei, kwa hiyo anayekuuzia karamu ya kambakoche mwezi wa Aprili anakudanganya au anavunja sheria. Kina mama wanakuja kwa mitumbwi wakiuza mola, vitambaa vya tabaka juu ya tabaka, vimekatwa na kushonwa kwa mkono. Geuza upande wa nyuma utazame mishono, ikiwa midogo na ya karibu bei yake ni halali. Picha, omba kwanza.

Watu wa pwani mtashangaa jambo moja: maji hayajai wala kupwa kwa macho. Nanga inatupwa karibu na mchanga, asubuhi bahari ipo palepale. Ila yenyewe inapanda kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Juni 2024 familia kama 300 za kisiwa cha Gardi Sugdub zilipewa nyumba bara kwa sababu hiyo.

Alama: 8 kati ya 10 kutokea Cartagena, 5 kutokea Panama. Pasipoti hushikwa na nahodha, hakikisha muhuri wa Panama umegongwa kabla hujashuka. Wenye pasipoti za kwetu, malizeni habari ya viza za nchi zote mbili na kadi ya homa ya manjano kabla ya kutoa hata senti. Mkishuka Cartí, bandari ndogo ya bara, kuna gari la kwenda Panama City, nauli yake mara nyingi haimo kwenye tiketi, na Waguna wana kiingilio chao, wekeni dola 20 pembeni. Kisha mezeni dawa tena, kwa sababu barabara ile ni kupanda na kushuka na kona tupu, na niliona abiria aliyevuka bahari nzima bila shida akiomba dereva asimamishe gari.